Sh241 kwa siku: hesabu ya kumtoa mtu mtaani

Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliwahesabu watu wa familia za mitaani, wale ambao wengi wetu tumezoea kuwaita machokoraa bila kuwauliza majina. Idadi ikafika 46,639. Wanaume na wavulana walikuwa 33,781, wanawake na wasichana 12,842, na huntha 16. Nairobi peke yake ilikuwa na 15,337, Mombasa 7,529, Kisumu 2,746.

Idadi hizo zikiachwa peke yake hazisemi mengi, kwa hiyo tuzipime na za sensa ya kitaifa ya mwaka uliofuata. Sensa ya 2019 iliwapata watu 47,564,296. Basi familia za mitaani ni mtu mmoja katika kila watu 1,020 nchini. Jijini Nairobi, penye watu 4,397,073, ni mmoja katika kila 287. Mombasa, yenye watu 1,208,333, ni mmoja katika kila 160. Hili la Mombasa lapasa kusemwa kwa sauti, kwa sababu picha za magazetini huonyesha Nairobi tu, vijana waliojikunyata karibu na mzunguko wa Globe na chupa za gundi mdomoni. Ukipima kwa wingi wa wakazi, Mombasa imebeba mzigo mzito kuliko jiji kuu, tena karibu mara mbili.

Sensa hiyo ya Agosti 2019 ilikuwa pia na hesabu yake ya waliolala nje usiku wa sensa, ikapata watu wapatao 20,000. Mtu anaweza kudhani kwamba moja ya hesabu hizi mbili ni ya uongo. Sidhani. Maisha ya mtaani hayana mlango wa kuingilia na wa kutokea. Yupo anayelala chini ya kibanda cha soko kila usiku, yupo anayeokota chupa na vyuma vikuukuu mchana kutwa kisha akikosa nauli hubaki mjini, na yupo mtoto anayerudi kwao siku ambazo baba wa kambo hayupo. Ukiuliza nani kalala nje leo utapata jibu moja, na ukiuliza nani anaishi kwa kutegemea barabara utapata jingine. Mimi nitatumia hiyo kubwa, maana anayetaka kujua gharama hafai kuanza kwa kupunguza watu.

Kabla ya fedha, sababu. Wengi huamini kwamba mtoto wa mtaani ni mtundu aliyekimbia fimbo ya nyumbani. Mwaka 2016 jarida la JAMA Pediatrics lilichapisha uchambuzi ulioongozwa na Lonnie Embleton, mtafiti ambaye amefanya kazi na watoto wa mitaani wa Eldoret. Uchambuzi huo ulikusanya tafiti 49 kutoka nchi 24, nyingi zikiwa nchi zinazoendelea. Watoto na vijana walipoulizwa kilichowatoa nyumbani, asilimia 39 walitaja umaskini, 32 ugomvi wa kifamilia, 26 kunyanyaswa. Utundu ulitajwa na asilimia 10, ukawa wa mwisho katika orodha. Ninaiweka mbele takwimu hii kwa sababu inaamua aina ya bei tutakayokubali kulipa. Anayeamini kwamba tatizo ni tabia atanunua viboko, magari ya msako na kuta. Anayekubali kwamba tatizo ni njaa na nyumba isiyokalika atauliza bei ya chakula na ya chumba.

Tuiulize basi bei hiyo. Makadirio yafuatayo ni yangu, na nimeyaweka wazi ili msomaji ayakosoe moja moja. Tuseme kila mmoja wa wale 15,337 wa Nairobi anapewa chumba chake cha mabati, kama vile vinavyopangishwa Mathare au Mukuru, kwa Sh3,000 kwa mwezi. Kwa mwaka kodi itafika Sh552 milioni. Hapo nimezidisha makusudi, kwa sababu mama mwenye watoto watatu anahitaji chumba kimoja, si vinne.

Chumba kitupu hakimsaidii mtu aliyelala kwenye katoni miaka sita. Tumpe godoro, blanketi, jiko, sufuria na nguo za kubadilisha, Sh10,000 kwa kila mtu: Sh153 milioni. Tumlishe kwa miezi sita ya kwanza kwa Sh100 kwa siku, ili asilazimike kurudi kwenye taa za barabarani kuombaomba wakati bado anatafuta kazi: Sh276 milioni. Kisha tuajiri maofisa wa ustawi wa jamii, mmoja kwa kila watu 20, wawe 767, kila mmoja alipwe Sh40,000 kwa mwezi: Sh368 milioni. Wasomaji wengi watataka kulikata fungu hili kwanza. Naomba lisiguswe. Ofisa ndiye anayempeleka mtu kliniki, anayemtafutia kitambulisho, anayeketi na mwenye nyumba pale kelele zinapozidi, na anayejua kwamba fulani hajaonekana tangu Jumanne.

Jumla ni Sh1.35 bilioni kwa mwaka wa kwanza. Kwa kichwa ni Sh88,000, yaani Sh241 kwa siku. Bajeti zinazopitishwa na Kaunti ya Nairobi katika miaka ya karibuni zimezidi Sh40 bilioni kwa mwaka, kwa hiyo tunazungumzia chini ya asilimia 3.4 ya bajeti ya kaunti moja, bila kuigusa Hazina ya taifa. Ukiigawa Sh1.35 bilioni kwa wakazi wote wa jiji, kila mmoja anadaiwa Sh307 kwa mwaka. Kwa mwezi haifiki Sh26. Hakuna matatu itakayokutoa Umoja hadi mjini asubuhi kwa fedha hizo.

Hesabu yangu ina udhaifu mmoja mkubwa, nao ni watoto. Huwezi kumpa mtoto wa miaka kumi na mmoja ufunguo wa chumba ukamwambia ajitegemee. Desturi yetu imekuwa kumpeleka kwenye kituo, na vituo hivyo hupendwa na wafadhili kwa sababu vinaonekana: kuna jengo, kuna lango, kuna watoto wa kupiga nao picha. Lakini vina bei. Katika mkoa wa Kagera, Tanzania, ambako UKIMWI uliacha mayatima wengi, Benki ya Dunia ilionyesha katika miaka ya 1990 kwamba kumtunza mtoto mmoja kituoni kuligharimu zaidi ya dola 1,000 za Marekani kwa mwaka, karibu mara sita ya kuisaidia familia iliyokubali kumlea. Kwa fedha za mtoto mmoja wa kituoni ungeweza kuwasaidia shangazi, babu na majirani wa watoto sita. Kenya imeanza kulielewa jambo hili, kwani mkakati wake wa 2022 hadi 2032 kuhusu malezi ya watoto unalenga kuwarejesha watoto katika familia badala ya kuwaweka vituoni. Mkakati bila fungu la fedha, hata hivyo, hauwezi kumlipia bibi wa Kakamega gunia la mahindi pale mjukuu wa nne anapoletwa mlangoni.

Tena mtoto huyo tayari ana fedha zake serikalini. Ruzuku ya masomo nchini Kenya imepangwa kuwa Sh1,420 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi, Sh15,042 kwa wa sekondari ya chini na Sh22,244 kwa wa sekondari. Ruzuku hufuata jina lililo kwenye rejista. Aliye nje ya darasa hana jina, kwa hiyo fungu lake haliombwi na yeyote. Mvulana wa miaka 14 anayeosha vioo vya magari barabarani hukosa Sh15,042 kila mwaka kabla hata hatujataja chakula.

Sasa pingamizi ambalo nimelisikia ofisini, msikitini, kanisani na kwenye teksi: ukiwapa pesa watanywa, watavuta. Mjini Vancouver, Kanada, watafiti walilijaribu hilo kwa fedha halisi. Watu 50 waliokosa makazi walipewa dola 7,500 za Kanada kila mmoja, kwa mara moja, bila masharti. Wengine 65 hawakupewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023 katika jarida la PNAS. Waliopewa walipunguza siku za kukosa makazi kwa 99 katika mwaka mmoja ukilinganisha na wenzao, na matumizi yao ya pombe, sigara na dawa za kulevya hayakupanda. Kwa kuwa walitumia vitanda vichache vya hifadhi za umma, jamii iliokoa dola 8,277 kwa kila mtu, ikabaki na faida ya dola 777 baada ya kutoa zile 7,500. Ni haki kusema kwamba wenye uraibu mkali hawakuingizwa katika jaribio hilo, kwa hiyo halituambii cha kufanya na kijana aliyeharibiwa na gundi. Ila kuna sehemu nyingine ya utafiti huo ambayo imenikaa moyoni. Watu wa kawaida waliulizwa watabiri: mtu akipewa dola 7,500, atatumia kiasi gani kwa vilevi? Walitabiri kwamba asiye na makazi angetumia asilimia 81 zaidi ya mwenye makazi. Hiyo asilimia 81 ni shaka yetu, imepimwa na kuandikwa. Waliopewa fedha hawakuitimiza.

Kanada hiyohiyo ilifanya jaribio kubwa zaidi, At Home/Chez Soi, kuanzia 2009 hadi 2013, katika miji mitano na kwa watu zaidi ya 2,000 wenye maradhi ya akili waliokosa makazi. Serikali kuu ilitenga dola milioni 110. Kundi moja lao lilipewa nyumba kwanza, bila kushurutishwa kuacha pombe wala kumeza dawa, halafu huduma zikafuata. Kwa wenye mahitaji makubwa, kila dola 10 zilizotumika ziliokoa dola 9.60 kwingineko: hospitalini, polisi, mahakamani, kwenye hifadhi. Kwa wenye mahitaji ya kadiri, kila dola 10 ziliokoa 3.42 tu.

Watetezi wa wasio na makazi hupenda kuitaja 9.60 na kuinyamazia 3.42. Mimi naona hiyo ya pili ndiyo ya kuitazama vizuri. Inatuambia kwamba kwa watu wengi msaada hautajilipa. Utagharimu, na fedha hazitarudi zote. Anayeijenga hoja ya huruma juu ya faida peke yake ataiona ikianguka siku mhasibu atakapoleta hesabu ya kundi la pili.

Na kwetu hali ni ngumu zaidi. Kule Kanada mtu akilala nje, umma hulipa: gari la wagonjwa, kitanda cha dharura, hifadhi ya usiku, wakili wa bure. Kumtelekeza kunaacha risiti. Jijini Nairobi usiku wa Julai, baridi ikishuka hadi nyuzi 11 au 12, kijana aliyelala Muthurwa hana hifadhi ya umma ya kumpokea na hakuna gari litakalomfuata. Asipotibiwa, hakuna daftari la serikali litakaloandika hasara. Ndiyo maana kumpuuza kunaonekana ni bure. Bei ipo, lakini anailipa yeye.

Eldoret wapo walioiandika bei hiyo. Watafiti wanaofanya kazi huko walikusanya kumbukumbu za vifo vya watoto na vijana wa mitaani wa mji huo kuanzia Oktoba 2009 hadi Desemba 2016. Walipata vifo 100: wavulana na vijana wa kiume 66, wasichana 34. Thelathini na saba walikuwa na umri wa miaka 18 au chini yake. UKIMWI ulisababisha vifo 37. Kushambuliwa kulisababisha 36. Kwa wa kiume peke yao, karibu nusu waliuawa kwa kushambuliwa. Huu ni mji mmoja, wenye hospitali kubwa ya rufaa na chuo kikuu kinachofundisha udaktari, na ni wakati ambao dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI zilikuwa zinatolewa bila malipo. Kwa kila safu ya hesabu ile ya Sh241 unaweza kutaja kifo ambacho ingekizuia: ofisa wa kumkumbusha msichana tarehe ya kliniki, mlango wenye komeo saa nane za usiku.

Badala yake, fedha tulizozoea kutumia ni za kuwafukuza. Kanuni ya Adhabu ya Kenya ilirithi kutoka kwa Waingereza kosa la kuwa mzembe na mkosa nidhamu, ambalo kuomba hadharani ni sehemu yake: kifungo kisichozidi mwezi mmoja au faini isiyozidi Sh100 kwa kosa la kwanza, au vyote viwili. Mizizi yake inafika kwenye sheria ya uzururaji ya Uingereza ya mwaka 1824. Anayefungwa huweza kukaa ndani hadi mwezi mzima, akila na kulindwa kwa fedha za umma, kisha anatoka na kurudi palepale alipokamatwa, maana hana pengine. Mwezi huohuo ungelipiwa chumba cha Sh3,000. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya kisheria kwamba sheria za uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zina wajibu wa kuzirekebisha au kuzifuta. Kenya ilikuwa imeifuta Sheria ya Uzururaji yenyewe mwaka 1997, lakini msako haukukoma. Februari 2019 watoto na vijana wa mitaani walibebwa kutoka mjini Nakuru wakaenda kuachwa kwenye msitu wa Chemasusu, kaunti ya Baringo. Gari lile lilihitaji mafuta, dereva na askari. Kuna mtu aliidhinisha matumizi hayo.

Wala si kweli kwamba Kenya haijawahi kujaribu njia nyingine. Mwaka 2003, serikali mpya ya Mwai Kibaki ilianzisha mfuko wa kuzirekebishia maisha familia za mitaani, na mamia ya vijana wakaingizwa katika Huduma ya Vijana kwa Taifa kufundishwa useremala, udereva na ufundi mwingine. Mfuko upo hadi leo. Kilichopungua ni mwendo. Ufini, nchi inayotajwa sana katika jambo hili, ilianza kuwahesabu watu wake wasio na makazi mwaka 1987 wakiwa zaidi ya 15,000. Ikaendelea kujenga na kununua vyumba, serikali moja ikipokea pale nyingine ilipoishia, hata wakabaki 3,429 mwaka 2023. Mwaka 2024, wakati misaada ya kodi ya nyumba ilikuwa imepunguzwa, idadi ikapanda hadi 3,806. Kazi ya miaka zaidi ya thelathini ilianza kurudi nyuma katika mwaka mmoja.

Na sadaka? Sitamwambia mtu aache kutoa. Mwenye njaa saa hii hawezi kusubiri bajeti. Lakini tuione ukubwa wake. Wakazi 100,000 wa Nairobi, ambao ni kama mmoja katika kila 44, wakitoa Sh20 kwa wiki, kwa mwaka ni Sh104 milioni: kodi ya vyumba 2,888 kwa mwaka mzima. Mombasa hesabu inaweza kupitia zaka, ambayo ni Sh1 katika kila Sh40 za akiba iliyotimiza nisabu, yaani kiwango cha chini, na mwaka mzima, na ambayo mafukara na masikini ndio wa kwanza katika makundi manane ya wanaostahiki. Vyumba kwa watu wote 7,529 wa Mombasa, kwa bei ileile ya Sh3,000, ni Sh271 milioni. Hiyo ni zaka ya akiba ya Sh10.8 bilioni, katika mji wa bandari, wenye mabenki na wafanyabiashara. Sisemi zaka yote iende huko, maana wana haki wengine wapo. Nasema fedha hizo hazizidi uwezo wa mji, na tayari nyingine zinatolewa kila Ijumaa, kwa mkono, sarafu moja moja, kwa njia inayomshibisha mtu hadi alasiri.

Kwa mujibu wa sheria ya fedha za umma, makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai. Katikati kuna vikao vya kupokea maoni ya wananchi, ambavyo mara nyingi huhudhuriwa na wanaotaka barabara na mitaro tu. Nendeni na ombi lililoandikwa. Muulizeni mwakilishi wa wadi fungu la familia za mitaani liko ukurasa wa ngapi, na ni kiasi gani chake kinalipa magari na kiasi gani kinalipa kodi za vyumba. Kaunti ikijibu kwamba watu 15,337 ni wengi mno kwa mwaka mmoja, ombeni 200, mama wenye watoto wadogo wakiwa mbele, pamoja na maofisa kumi wa kuwafuatilia. Kwa hesabu ileile ya juu, hao 200 wanahitaji Sh17.6 milioni.